Barabarani au Mlimani: tulivyolinganisha shule za serikali kabla ya kuhamia Kilolo

Barua ya uhamisho ya mke wangu ilitaja halmashauri tu: Kilolo, mkoani Iringa. Yeye ni muuguzi. Alipopiga simu kuulizia kituo, akaambiwa pana nafasi sehemu mbili na achague haraka kabla hajachaguliwa. Moja ipo kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya, ukishapanda Kitonga, ukanda wa Ilula wa nyanya na vitunguu. Nyingine ipo juu, upande wa Dabaga na Boma la Ng'ombe, kwenye baridi, misitu na viazi. Mshahara uleule, kazi ileile. Cha kutuamulia kikabaki shule, maana tuna binti wa darasa la tano na kijana wa darasa la pili, na ada za shule binafsi hazimo kwenye bajeti yetu.

Hii ni hesabu tuliyoifanya mwaka huu wa 2025, nusu yake kwenye simu tukiwa bado Mbagala, nusu kwa miguu. Shule zenyewe sizitaji. Nitaziita Barabarani na Mlimani, na namba nimezigeuzageuza zisitambulike, kwa hiyo zichukue kama mfano wa hesabu na si takwimu za Kilolo.

Namba zilivyokaa pamoja

| | Barabarani | Mlimani |
|---|---|---|
| Waliofanya upimaji wa darasa la nne 2021 | 150 | 35 |
| Waliofanya mtihani wa darasa la saba 2024 | 112 | 31 |
| Wastani wa shule (kati ya 300) | 171 | 148 |
| Waliopata A, B au C | 98 | 25 |
| Wanafunzi wote na walimu | 1,180 kwa 19 | 290 kwa 6 |
| Umbali hadi sekondari ya kata | km 2 | km 9 |

Mistari minne ya juu inapatikana bila kumpigia mtu simu. Baraza la Mitihani, NECTA, huweka matokeo ya kila shule mtandaoni: darasa la nne, la saba, kidato cha pili, cha nne na cha sita. Unachagua mkoa, halmashauri, shule, na orodha nzima inafunguka. Miwili ya chini ilihitaji safari.

Mtu akisoma jedwali hili harakaharaka atasema Barabarani imeshinda: wastani 171 dhidi ya 148, na waliofaulu ni asilimia 88 dhidi ya 81. Mimi pia nilisema hivyo. Mke wangu, ambaye kazini amezoea kuuliza mgonjwa aliyekuwa kitanda cha pili kaenda wapi, ndiye aliyeuliza: hawa 150 wa darasa la nne wamekuwaje 112?

Watoto 38 hawapo. Baadhi wamehama na wazazi, baadhi wamekariri darasa, wala si wote walioacha shule. Lakini ule ni mji mdogo unaokua, watu wanahamia kila msimu, kwa hiyo ulitegemea darasa linenepe na si likonde. Mlimani waliopungua ni wanne. Sasa rudia hesabu ukigawanya waliofaulu kwa waliokuwepo darasa la nne: Barabarani 98 kwa 150, asilimia 65. Mlimani 25 kwa 35, asilimia 71. Shule iliyokuwa nyuma imepita mbele, na hakuna alama hata moja iliyobadilika.

Matokeo ya mtihani yanamhusu aliyekaa kwenye chumba cha mtihani, basi. Aliyeacha darasa la tano kwenda kuchuma nyanya haharibu wastani wa shule. Nathubutu kusema anaupandisha, kwa sababu wanaoacha mara nyingi ndio waliokuwa wanasota. Hivyo kabla ya kutazama alama, hesabu vichwa. Chukua darasa la nne la mwaka fulani, kisha darasa la saba la miaka mitatu baadaye, uweke namba mbili sambamba. Dakika tano tu.

Kuhusu wastani wenyewe nina maonyo mawili. Kwanza, masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Zamani yalikuwa matano na jumla ilikuwa 250, kwa hiyo ukilinganisha mwaka wa zamani na wa karibuni bila kuligundua hilo utadhani shule imepaa ghafla. Pili, shule ndogo inayumba. Kwa watahiniwa 31, watoto watatu tu wakiugua malaria wiki ya mtihani na kuangusha alama mia mia kila mmoja, wastani wa shule nzima unashuka karibu alama kumi. Mlimani tulitazama miaka minne, ukawa unapanda na kushuka kama njia ya huko huko. Barabarani, yenye watahiniwa zaidi ya mia, mistari ilinyooka zaidi. Mwaka mmoja wa shule ndogo usiuamini, uwe mzuri au mbaya.

Wengine bado wanatafuta nafasi ya shule kiwilaya au kitaifa. Tangu Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Sikulisikitikia hilo. Orodha zile zilikuwa tangazo la bure la shule za kulipia, na kwa mzazi anayechagua kati ya vijiji viwili hazikuwa na msaada wowote.

Herufi moja ya kuitafuta

Ukishafungua ukurasa wa shule, usiishie kwenye daraja la jumla. Kila mtahiniwa ameandikiwa herufi za somo mojamoja. Nenda kwenye Kiingereza, ushuke na kidole.

Sababu ni hii. Shule za msingi za serikali, ukiacha chache zinazofundisha kwa Kiingereza, zinafundisha kwa Kiswahili. Januari ya kidato cha kwanza, mtoto yuleyule anakutana na Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza. Mtoto mwenye C ya jumla iliyojengwa na A ya Kiswahili, B ya Maarifa ya Jamii na E ya Kiingereza amefaulu kwenye karatasi, lakini ataingia sekondari kama bubu. Na C yenyewe inaanzia alama 121 kati ya 300, kwa hiyo neno «amefaulu» linabeba watu wa aina nyingi sana.

Hapa Barabarani walikuwa mbele kweli, wala si kwa ujanja wa hesabu. Wengi walikuwa na C na B za Kiingereza. Mlimani safu ya Kiingereza ilijaa D na E, huku Kiswahili na Hisabati zikiwa nzuri tu. Nilikuja kujua sababu nilipofika: mwalimu aliyekuwa analimudu somo hilo alihama, na aliyelichukua alilichukua kwa kuwa hakukuwa na mwingine.

Walimu sita, madarasa manane

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Barabarani ni 62 kwa mwalimu, Mlimani 48. Kwa kipimo hicho Mlimani imekaribia kabisa, na kama ungekuwa umekaa ofisini ukitazama uwiano wa wilaya ungeipitisha bila swali.

Kisha hesabu madarasa. Awali, na la kwanza hadi la saba: manane. Walimu ni sita, akiwemo mwalimu mkuu, ambaye siku aliyoitwa halmashauri hayupo. Maana yake kila saa ya siku, hata wote wakiwepo, madarasa mawili hayana mtu. Siku tuliyofika, darasa la tatu lilikuwa linasimamiwa na msichana wa darasa la saba aliyeshika fimbo ya kuonyeshea silabi ubaoni. Alikuwa anafundisha vizuri, nisimpunje. Ila yeye mwenyewe kipindi chake cha Sayansi kilikuwa kinaendelea chumba cha pili.

Barabarani mkuu wa taaluma alinionyesha ratiba ukutani. Madarasa ya juu, mwalimu wa Hisabati ni wa Hisabati na wa Kiingereza ni wa Kiingereza. Watoto wamebanana wanne kwenye dawati la watatu, lakini aliyesimama mbele anajua anachokisema. Uwiano hauyaonyeshi haya. Kwa shule ndogo ya kijijini, swali la kuuliza ni walimu wangapi kwa madarasa mangapi, likifuatiwa na lingine: nani amehama miezi kumi na miwili iliyopita, na amekuja nani?

Vitabu na vyoo navitaja kwa kifupi. Kiwango cha vyoo ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu mwenyewe, na uhesabu yale yenye mlango. Barabarani wasichana walikuwa zaidi ya 60 kwa tundu. Mlimani kulikuwa na choo kipya chenye chumba cha kubadilishia taulo, na maji ya mserereko yanafika. Binti yetu ndiye aliyeenda kukikagua, akarudi akasema, «Baba, kina ndoo na sabuni.» Kwake huo ndio ulikuwa ulinganisho wote.

Unayoichagua hasa ni sekondari

Hili ndilo tulilochelewa kulielewa. Ukihamia kijijini, shule ya msingi unaichagua kwa miaka michache, halafu sekondari inakuchagua wewe. Mtoto akifaulu darasa la saba, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, inampangia shule. Wachache sana wanakwenda shule za vipaji maalumu kama Kilakala, Mzumbe, Ilboru au Kibaha. Waliobaki, karibu wote, wanapangiwa sekondari ya kata, na sekondari ya kata ni ile iliyo kwenye kata unayoishi. Kwa hiyo mzazi anayelinganisha shule za msingi pekee amepima chumba cha mbele, akasahau nyumba.

Nilipoanza kusoma kurasa za sekondari nilijiaibisha. Nilimpigia mke wangu simu kwa furaha nikamwambia sekondari fulani ina GPA, yaani wastani wa madaraja, ya nne nukta moja, ile nyingine tatu nukta nane tu, kwa hiyo tushike ile ya kwanza. Mdogo wake, aliyemaliza kidato cha sita juzijuzi, akasikia, akacheka mpaka simu ikaanguka. Kwenye matokeo ya NECTA GPA ya shule inasomwa kinyume: A ni 1, F ni 5. Ndogo ndiyo nzuri. Ni kama pointi za divisheni, ambazo 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza na 34 au 35 ni sifuri. Nilikuwa nimechagua iliyofanya vibaya zaidi, tena kwa kujiamini.

Jambo jingine: wakitangaza asilimia ya ufaulu kidato cha nne, divisheni ya nne imo ndani. Divisheni ya nne ni pointi 26 hadi 33, na wengi wenye hiyo hawaendi kidato cha tano. Hesabu divisheni ya kwanza hadi ya tatu peke yake, ndipo utajua shule inapeleka wangapi mbele.

Halafu rudia mchezo wa vichwa: upimaji wa kidato cha pili wa 2022, kisha kidato cha nne cha 2024, safari hii wavulana na wasichana mbalimbali. Wanaokwama kidato cha pili hurudia, hivyo hesabu haitakaa sawa kabisa, lakini mwelekeo unaonekana. Sekondari ya upande wa Barabarani ilitoka wasichana 74 ikafika 57, wavulana 66 wakafika 47. Ya upande wa Mlimani ilitoka wavulana 27 wakafika 26. Wasichana walikuwa 31. Wakafika 21.

Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Shule ya msingi iliyopoteza watoto wanne tu katika miaka mitatu inapeleka wasichana kwenye sekondari inayopoteza kumi katika miaka miwili. Jibu halikuwa mtandaoni. Lilikuwa kwenye kilomita tisa.

Tulizipanda kwa bodaboda mwezi wa nne, masika imechanganya. Dereva alishuka mara tatu kusukuma. Mtoto hawezi kwenda na kurudi njia ile kila siku, kwa hiyo wazazi wanawapangia vyumba karibu na shule. Mageto. Chumba cha matofali mabichi, wasichana wawili au watatu, gunia la mahindi, chungu, kibatari, hakuna mtu mzima. Mama mmoja jirani na pale, tulipomwamkia kwa Kihehe, «kamwene», akafurahi na kutuketisha, alituambia bila kuzunguka: wengine wanapata mimba, wengine wanachukuliwa kwenda Dar kuwa dada wa kazi, na anayekuja kuwachukua huja Desemba akiwa na nauli mkononi. Sisi tunaotoka Dar tuliinamisha vichwa. Nani mtaani kwetu hajawahi kusema «nitafutie msichana wa Iringa»?

Bweni la wasichana lilikuwa linajengwa. Kuta zimefika kwenye linta. Nimejifunza kutohesabu bweni lisilo na bati.

Upande wa Barabarani wanaopungua zaidi ni wavulana, na sababu unaiona kwa macho. Amka siku ya gulio, simama kando ya lami saa moja asubuhi. Nilihesabu wavulana kumi na wawili wa umri wa shule wakipakia matenga ya nyanya kwenye Fuso, watatu wakiwa na sare chini ya masweta. Pesa ya siku ile inazidi chochote mwalimu anachoweza kuwaahidi. Kwa mtoto wetu wa kiume hili nalo tuliliweka kwenye mizani, ila tukaona mzazi aliyepo nyumbani jioni analimudu. Chumba cha kupanga kilomita tisa mbali hakuna mzazi anayekimudu.

Kuna jambo la mwaka wenyewe pia. Kwa mpango wa sera mpya ya elimu, waliokuwa darasa la tatu 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa la sita, 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la binti yetu. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Nilimuuliza mkuu wa sekondari ya Barabarani ana vyumba vingapi. Akanionyesha misingi minne iliyochimbwa na rundo la kokoto. Kule juu mkuu alinijibu kwamba wao nafasi wanayo, wanafunzi ndio hawafiki.

Yasiyo kwenye kurasa zozote

Ukifika shule, salimia, jitambulishe, kisha kasome ubao wa matangazo kabla hujasoma mtu. Tangu 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na serikali hutuma fedha ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi. Shule inayojiheshimu hubandika kilichoingia na kilichotumika. Mlimani karatasi ilikuwepo, ya mwezi uliopita, imeandikwa kwa kalamu: chaki, karatasi, kufuli, nauli. Barabarani karatasi ya mwisho ilikuwa ya mwaka jana, imepauka kwa jua. Sikumshtaki mtu, ila niliandika kwenye daftari.

Ulizia chakula cha mchana. Hakuna ada, lakini michango ipo, na vijijini mara nyingi ni mahindi na maharage. Mlimani kila mzazi hupeleka debe baada ya mavuno na watoto wote wanakula makande saa sita. Nadhani makande yale yanahusika na wale watoto kubaki wengi namna ile kuliko ratiba yoyote ukutani.

Ulizia kama kuna shule shikizi karibu. Ni madarasa ya watoto wadogo yaliyojengwa kwenye kitongoji cha mbali, yakiwa chini ya shule mama. Hayana ukurasa wake NECTA. Wakifika madarasa ya juu watoto huhamia shule mama, na namba zake huvimba ghafla darasa la tatu au la nne. Bila kujua hilo utaisifu au kuilaumu shule kwa watoto ambao hawakuanzia pale.

Tulichoamua

Kama tungekuwa na kijana wa darasa la pili peke yake, tungepanda Mlimani. Kwa mtoto mdogo, jamii inayowashikilia watoto wake, inayowapikia, yenye choo safi, ninaiweka juu ya alama 23 za wastani. Upungufu wa walimu ungetuuma, lakini miaka minne ni mingi, na kusoma Kiingereza nyumbani jioni inawezekana.

Lakini tuna binti anayeingia kidato cha kwanza 2028, na ile safu ya wasichana 31 kuwa 21 ilifunga mjadala. Mke wangu alichagua kituo cha Barabarani. Tumepanga nyumba ya mwaka mmoja upande wa pili wa lami, mbali na soko la matenga. Kiwanja hatujanunua, maana bweni la kule juu likipata bati na matroni tutafungua daftari upya.

Uhamisho tumeupangia Desemba, shule zikifungwa. Kama mtoto wako yupo darasa la nne au la saba na ameshasajiliwa kwa mtihani, msubirishe amalize mwaka alipo, kumhamisha katikati ni usumbufu mtupu. Kabla ya kuondoka chukua barua ya uhamisho na uhakikishe namba ya PREM ya mtoto, ile inayomtambulisha mwanafunzi popote anapohamia, imeandikwa sawasawa. Ya kijana wetu ilikuwa na tarakimu moja iliyokosewa, na kuirekebisha kumetuchukua wiki tatu.